Dodoso linasema siasa, printa inasema mapenzi

Kijana kaja dukani jioni, ule muda wanafunzi wametoka lekcha na mashine ya kopi imeshapata moto, akawa kasimama tu pembeni. Kila mteja akiingia anampisha. Nikajua huyu anasubiri watu wapungue. Mwisho akanitumia faili Wasap, akasogea kwenye kaunta akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nitolee hii, mbele na nyuma, halafu uibaindi."

Nikafungua. Riwaya ya mapenzi ya Kiingereza, kurasa 180, na ile kava yenye mwanaume kifua wazi na mwanamke nywele zinapepea, mnazijua.

"Kava usitoe," akaniwahi. "Ni ya sista wangu."

"Sawa mdogo wangu. Mbele niweke nini sasa?"

Akafikiria kidogo. "Weka plastiki na karatasi ya bluu. Andika Komyunikesheni Skilzi."

Nikaandika. Akalipa elfu 18 bila kuomba punguzo, na mwanafunzi asiyeomba punguzo hapa Mtwara ni habari ya kumpigia mtu simu. Hela ya kula na kulala ya bumu, yaani mkopo wa chuo, ni elfu 10 kwa siku, kwa hiyo hapo piga hesabu mwenyewe, huyo "sista" kala karibu siku mbili za mtu.

Wateja kuprinti mambo yao kwa kificho sio kitu kipya, nimeshatoa barua za kuachana, nimeshatoa kiapo cha mganga. Kilichonikaa kichwani wiki na wiki ni kwamba siku hiyo hiyo, kwenye kaunta hiyo hiyo, kulikuwa na rundo la dodoso.

Dodoso lenyewe

Ni la binti mmoja wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu, somo lake la kufundishia ni Kiingereza. Risechi yake inahusu tofauti ya wanafunzi wa kike na wa kiume katika vitu wanavyopenda kusoma kwa Kiingereza. Aliprinti kwangu, akaniomba aache nakala pale watu wajaze wakisubiri kopi zao. Chuo chenyewe nalibania jina, na hao wateja nawachanganya kidogo wasijulikane, mji wetu mdogo huu, ukipiga chafya Chuno unajibiwa Shangani.

Dodoso liko kama madodoso yote. Jinsia, mwaka wa masomo, halafu orodha: siasa, michezo, sayansi na teknolojia, biashara na uchumi, dini, afya na urembo, hadithi za mapenzi, hadithi za upelelezi. Unazungushia namba, moja ni sipendi kabisa, tano ni napenda sana.

Yule kijana alijaza akisubiri baindi. Sikumchungulia, aliniachia karatasi juu ya kaunta uso juu. Siasa tano. Michezo tano. Sayansi nne.

Hadithi za mapenzi, moja.

Mashine ilikuwa bado inatema ukurasa wa 97.

Kaunta inaona

Nikaanza kuwa makini. Mwenye steshenari ni kama nesi wa zamu, anajua mengi asiyoulizwa, na mimi hapo nyuma sikuwa nayaangalia.

Kwanza hawa kaka zetu. Ukiwauliza wanakwambia sisi sio watu wa kusoma, sisi tunapitia tu. Lakini kaa nao kwenye benchi langu la nje Jumamosi asubuhi. Wanasoma habari za timu za Uingereza kwa Kiingereza, nani kaumia goti, nani kafungiwa mechi, kocha kasema nini, wanabishana mpaka maana ya sentensi ya daktari wa timu kwa sababu kuna mkeka wa kubeti unategemea hapo. Huko ni kusoma kwa umakini ambao lekchara yeyote angeomba aupate darasani. Ila ukimpa dodoso, hakioni hicho kama kusoma. Anazungushia siasa tano, na siasa yenyewe sijawahi kumuona anaisoma kwa Kiingereza hata siku moja, siasa anaisikiliza kwa Kiswahili kijiweni.

Halafu kuna binti, mpole sana, ukimuona utadhani kwaya tu. Huyo ndo mteja wangu wa James Hadley Chase. Nilikuwa na vitabu vichache vya marehemu baba vimekaa kwenye boksi, vile vya bastola na mwanamke kwenye kava, kavimaliza vyote na akaniletea faili za vingine nimprintie. Kiingereza chake kina maneno ya majambazi wa Marekani, na kinachonifurahisha ni kwamba mwandishi mwenyewe hakuwa wa huko. Jina lake la kuzaliwa ni René Raymond, Muingereza, kazaliwa London mwaka 1906, na majambazi wake wa Marekani aliwaandika akiwa na ramani na kamusi ya lugha ya mtaani mezani. Yaani binti wa Mtwara anajifunza kihuni kutoka kwa mtu aliyejifunza kihuni kwenye kamusi.

Kwenye dodoso huyo binti kaweka dini tano. Na sina sababu ya kusema kadanganya, maana jumuiya hakosi. Ila upelelezi kaweka mbili.

Au nakuza mambo?

Hapo nikajishtukia. Kaunta moja sio utafiti. Wanaokuja kwangu ni wenye kuprinti, wale wanaosomea kwenye simu kitandani siwaoni kabisa, na labda nimeona wawili watatu wa ajabu nikawageuza sheria. Maana tofauti ipo bwana. Yale majaribio ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, PISA, mwaka 2009 wasichana waliwazidi wavulana kusoma katika kila nchi iliyoshiriki, na kwa nchi za OECD, zile zenye uchumi mkubwa nyingi, wastani wa pengo ulikuwa pointi 39. Wakaangalia na wanachosoma kwa hiari yao, wasichana hadithi zaidi, wavulana magazeti na vitabu vya katuni zaidi. Sisi Tanzania hatukuwemo, na wale hawakupimwa kwa lugha ya tatu kama watoto wa huku wanaoanza na Kimakonde au Kiyao nyumbani, wakaja Kiswahili shule, Kiingereza cha kubanwa nacho kikawakuta fomu wani. Lakini huwezi kuamka tu ukasema tofauti haipo kwa sababu kijana mmoja kaficha kava.

Kwa hiyo sikuwa nabisha kwamba haipo. Nilichokuwa najiuliza ni tofauti ya nini hasa. Ya kupenda? Au ya kukubali kuonekana?

Maana wenye biashara ya vitabu hilo wanalijua. Mwaka 1997 J. K. Rowling, yule wa Harry Potter, anatoa kitabu chake cha kwanza, wachapishaji wakamwomba aweke herufi tu badala ya jina, kwa hofu kwamba vijana wa kiume hawatashika kitabu wakijua kaandika mwanamke. Hadithi ni ile ile, maneno yale yale. Wenye kiwanda hawakuogopa kwamba kijana hataipenda hadithi. Waliogopa kava.

Na sisi wa huku kusini ndo kabisa. Tumekulia kwenye jando na unyago, ya wanaume yana mahali pake, ya wanawake yana mahali pake, na ulichofundishwa humo huendi kukitangaza barazani. Mtu kakua hivyo, halafu unamwekea karatasi kwenye kaunta, rafiki yake kamwegemea begani, unamuuliza mapenzi unayapenda kwa kiasi gani, moja mpaka tano. Ulitegemea akujibu nini?

Kurasa kumi kwenye kanga

Kuna mteja mwingine nataka niseme habari zake taratibu.

Ni mwanafunzi na ni mama, ana mtoto wa miaka miwili na anakaa kwa shangazi yake. Huyu haprinti kitabu kizima. Anakuja anaprinti kurasa kumi, sura moja moja, riwaya anazopata kwenye magrupu ya Telegramu, anazikunja mara mbili anazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na chenji. Siku moja nikamuuliza kwa nini asisome kwenye simu, si angeokoa hela.

"Dada, simu ina mwenyewe," akasema. "Nikifika tu nyumbani ananyang'anya, katuni mpaka alale. Akilala na chaji imeisha."

Basi anasoma jikoni, mkaa ukiwa unakolea. Shangazi akiona karatasi anajua ni za chuo, hamsumbui. Hapo sasa nikakumbuka kazi ya mama mmoja Mmarekani, Janice Radway, tuliisoma chuoni juu juu tu. Miaka ya 80 alikaa na wanawake wa mji mmoja wa huko wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, kitabu kikatoka 1984. Alitegemea wamwambie habari za mashujaa wa riwaya. Wakamwambia habari za muda. Mtu akishika kitabu, mume na watoto wanaelewa kwamba saa hii mama hayupo, asiitwe. Kusoma kwenyewe ndo kulikuwa mapumziko, kabla hata hujafika kwenye stori ya nani kampenda nani.

Huyu wetu wa kanga na hao wa Marekani sidhani kama wangeelewana hata kwa chakula. Lakini hilo la saa ya peke yako wangeelewana bila mkalimani. Na kijana wa geto, anayelala na wenzake wanne chumba kimoja, naye anatafuta hiyo hiyo saa kwa njia yake ya Komyunikesheni Skilzi.

Sasa kuna watu, na walimu wamo, wanaosema riwaya hizo ni takataka, wanafunzi wasome mambo ya maana. Mfano wanaoupenda ni mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, aliyesoma Kiingereza Makerere akamaliza 1962, akawa mhariri wa magazeti, mwisho akawa Rais. Sawa. Lakini mimi nimeshika maandishi ya wateja wangu kwa sababu asaimenti zao nazichapa mimi, na yule wa kurasa kumi sentensi zake zinatembea. Hazina madoido, zinatembea tu. Wanaosoma "mambo ya maana" pekee wananiletea aya nzima bila nukta hata moja (na mimi wa kusema hivyo, tazama aya zangu).

Na sio kaunta yangu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kule Fiji, watafiti wawili, Elley na Mangubhai, walipeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini, vya Kiingereza, vya kuvutia, watoto wakaachiwa wasome. Maendeleo yao ya kusoma yakawa karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Miaka ya 90 watafiti wengine, Cho na Krashen, wakawafuata wanawake wachache wahamiaji walioko Marekani, wengi wao Wakorea, watu wazima, wamesoma Kiingereza miaka shuleni na bado kinawagomea. Wakawapa vitabu vyepesi vya mfululizo, vilivyoandikwa kwa ajili ya wasichana wadogo. Wakanogewa, na misamiati ikaongezeka. Wamama na stori za watoto wa kike! Hakuna aliyewauliza kama ni mambo ya maana.

Korosho

Kilichonigeuza kabisa ni benchi la nje.

Kundi la wanafunzi walikuwa wanajisomea kwa ajili ya mtihani, watano, wanaume watatu na mabinti wawili, wana ufahamu wa Kiingereza niliowaprintia, habari iliyotolewa gazetini kuhusu minada ya korosho ya mwaka 2018. Wale kaka wakaongoza kama kawaida, sauti juu, mmoja anasoma kwa mbwembwe. Wakafika kwenye swali la kwa nini wakulima walikataa kuuza, wakakwama. Mmoja wa bara huko, sijui Kagera sijui wapi, akasema labda hawakuwa na usafiri. Mwingine akasema labda Jeshi liliwazuia.

Binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote, wa Tandahimba, akacheka. Akaanza kueleza, kwa Kiingereza, kile cha kukatika katika lakini kinaenda. Kwamba bei za mnadani zilikuwa chini kuliko walivyotegemea, wakagoma. Kwamba Jeshi limekuja baadaye, Novemba, Serikali iliposema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo. Kwamba mkulima hauzi mtu kwa mtu, anapeleka Amcos, chama cha ushirika, zinaenda ghalani, anabaki na stakabadhi na makato, na zikiwa na unyevu zinashuka daraja, na asiyeweza kusubiri anawauzia watu wa kangomba, wale walanguzi wa magendo, usiku. Akaeleza mpaka dawa ya salfa na ugonjwa wa ubwiri unga, ambavyo kwenye ufahamu havikuwepo kabisa. Wale kaka wakawa wanaandika.

Na dodoso lake nilikuwa nimeliona. Biashara na uchumi, mbili.

Nikamuuliza baadaye, mbona uliweka mbili na wewe ndo profesa? Akanishangaa kweli.

"Dada, ile si biashara. Ile ni ada yangu."

Bibi yake ana mikorosho. Bei za mnada anazifuatilia kila msimu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa chochote kitakachowahi kufika, kwa sababu bibi anampigia simu kumuuliza. Anapenda kusoma uchumi? Hapana, hajawahi kuwaza hivyo. Anausoma? Kuliko lekchara.

Nikaenda kutafuta kama kuna mtu kaligusa hili, nikakuta watafiti wa Uholanzi, Bügel na Buunk, mwaka 1996. Waliwapima wanafunzi wa sekondari kuelewa maandishi ya lugha ya kigeni, wakapanga habari kwa mada. Habari za volkano, magari na wachezaji mpira, wavulana wakafanya vizuri zaidi. Habari za wakunga na za mama wa nyumbani aliye njia panda, wasichana wakafanya vizuri zaidi. Na sababu waliyoifuata ni ile ile ya Tandahimba, kila mtu anaelewa haraka kitu anachokijua tayari na kinachomgusa. Maana yake anayechagua habari ya kuweka kwenye mtihani ameshachagua kwa kiasi fulani nani atafaulu, hata kama hakukusudia.

Ila huku kwetu jinsia haitoshi. Weka habari ya korosho, utaona wa Tandahimba na Newala wanapita mbele, wake kwa waume. Weka ya gesi, mtoto wa Mtwara aliyekuwa darasa la tatu 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, atakuelewa kabla hujamaliza sentensi, awe wa kike awe wa kiume, maana mabomu ya machozi hayakuuliza jinsia. Kwenye dodoso hakuna swali la nyumbani kwenu mnalima nini.

"Supavaiza anataka jedwali"

Nikamwita yule binti wa risechi. Sikumtajia mtu, nikamwambia tu hii kaunta yangu ni mahali pabaya pa kuulizia, watu wanajaza wanavyotaka waonekane.

"Najua dada," akasema. Sikutegemea. "Hata mimi mwenyewe nilijaza la majaribio nikaweka siasa nne. Lakini supavaiza anataka jedwali. Ke huku, Me huku."

Tukabishana kidogo kwa sababu mimi nilitaka afute maswali yote na ye ana tarehe ya kukusanya, na kwenye hilo alikuwa sahihi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hafuti risechi katikati ya semesta. Alichokubali ni viwili. Rundo likahama kaunta, likawa boksi lenye tundu, unaenda na karatasi unakotaka, unaikunja, unaitumbukiza. Na mwisho wa dodoso akaongeza mstari mmoja kwa kalamu, nakala zote, mkono mpaka ukavimba: andika kitu cha mwisho ulichosoma kwa Kiingereza mpaka kikaisha, hata kama ni kifupi.

Majibu ya mstari huo ndo yamemvuruga. Wapo walioandika habari ya mechi. Yupo kaandika maelekezo ya kufleshi simu. Wapo walioandika riwaya bila jina la riwaya, wa kike na wa kiume, na kuna mmoja kaandika "Komyunikesheni Skilzi", ikabidi nigeukie kwenye mashine nijifanye natoa karatasi iliyokwama.

Lakini rundo kubwa zaidi ni la walioacha wazi. Wa kike kwa wa kiume, wamejaza kila kitu huko juu, tano na nne za siasa, dini na sayansi, wakifika hapo hakuna kitu. Wengine wameanza kuandika wakakata. Mmoja kaandika "bado".

Hapo nikaona mimi na yeye wote tulikuwa tunagombania kitu cha pili. Nilikuwa nimeshikilia kwamba wanaficha wanachopenda. Kumbe wengi hawajafika kwenye kupenda, hakuna kitu cha Kiingereza walichowahi kukimaliza cha kukipenda, kuna hendauti, slaidi, na mitihani ya zamani. Na hawa wote wanaenda kuwa walimu wa Kiingereza.

Supavaiza kamwambia walioacha wazi awatoe kwenye hesabu, hawana data. Yeye anataka wawe na safu yao kwenye jedwali, Ke na Me, mwisho kabisa. Anamuona Jumatatu. Jedwali lenye hiyo safu nimemprintia bure, na kwenye lile boksi la vitabu vya baba nimebandika tangazo: chukua, hatuandikishi majina. Kimebaki nusu boksi, kwa hiyo mwenye riwaya za Kiingereza zilizokaa tu nyumbani, ziwe za aina yoyote mradi hazijachanwa mwisho, anaweza kuziacha dukani.